Miezi Kumi na Minne ya Cheche

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, kati ya kibanda cha kinyozi na chumba cha fotokopi. Mwisho wa huku alikaa Kinyozi, apate kuuona mlango wake mteja akiingia. Katikati alikaa Ibara, mwenye chumba cha fotokopi, mwandishi wa barua za watu, asiyeweza kuomba hata kijiko bila kusema "kwa mujibu wa". Kando yake Mstaafu, miaka thelathini posta, shati limepigwa pasi hata siku asiyokwenda popote. Chini, juu ya gurudumu bovu, alikaa Tairi, fundi wa pancha, maana suruali yake ina grisi na Mstaafu hataki kuguswa. Mbele yao, na jiko lake la mkaa, alikuwapo Mama Birika, aliyekuwa akiwauzia kahawa mwaka wa kumi na mbili sasa, na maneno yao akiyasikia huku yakipita. Leo hakutaka hata moja lipite. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma waliyemwita Cheche, alikuwa gerezani. Kesho saa tatu asubuhi mahakama ingesikiliza ombi lake. Na hawa wanaume wanne leo hawakujikusanya wenyewe. Aliwaita yeye, saa tisa kamili alasiri, waje na vitambulisho.

— Tairi, kitambulisho kiko wapi?

— Kipo, mama.

— Kipo wapi?

— Nyumbani.

— Nilikwambia uje nacho.

— Nimekuja mwenyewe, mama. Kitambulisho kazi yake si kusema kwamba mimi ni mimi? Basi mimi huyu hapa.

— Nenda kakilete.

— Nikinywa hiki kikombe.

Kinyozi alijisogeza, akakuna kidevu chake, ambacho, ajabu, hakikuwa kimenyolewa.

— Dada, hebu tueleze upya, polepole. Jana ulipoeleza nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nikasikia nusu.

Mama Birika alikuwa amekwisha kulisimulia jambo lile mara nyingi mno, hata sasa lilimtoka kama mtu anayetaja vitu vya kununua dukani.

— Aliletewa jenereta achomelee miguu. Alijua aliyelileta si mwenye mali, akachomelea. Kosa alifanya, silifichi. Akakamatwa, akakaa rumande miezi kumi na minne, kesi inapigwa tarehe tu. Halafu wakamhukumu miaka miwili. Katika hiyo ametumikia miezi kumi. Kumi na minne na kumi ni ngapi?

— Ishirini na minne, — alisema Mstaafu.

— Ndiyo miaka miwili hiyo. Wakiihesabu rumande, kesho anatoka. Wasipoihesabu, ana miezi mingine kumi na minne mbele yake. Simwombei msamaha. Nataka wahesabu, basi.

— Si wahesabu tu! — alisema Kinyozi. — Kwani rumande ni hotelini?

— Hakimu aliandika kwamba hakukaa rumande.

— Heee! Sasa alikuwa wapi?

— Alikuwa hapa. Amekaa hapo ulipokaa wewe.

Kinyozi aliinuka nusu, akautazama ubao chini yake, akakaa tena.

Mama Birika alifuta mikono kwenye kanga yake, akatoa karatasi kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa nakala ya barua. Kesi ilipokaribia hukumu, benchi lilikuwa limeamua kumsaidia mwenzao. Ibara akaandika barua ya kumsifu tabia, watu saba wakatia sahihi, wakaipeleka mahakamani wakiwa wamevaa vizuri. Yeye mwenyewe alishukuru siku ile, akawapa kahawa bila kuwatoza. Hakuisoma. Aliisoma miezi kumi baadaye, ofisini kwa wakili wa msaada wa kisheria, akiwa amesimama.

— "Sisi tuliotia sahihi hapa chini," — alisoma, — "tunathibitisha kwamba kijana huyu tumekuwa naye hapa kijiweni kila siku, miaka mitatu mfululizo bila kukosa, akiwa mpole, msikivu na mwenye kusaidia wazee."

Aliikunja karatasi mara mbili.

— Imeandikwa vizuri, — alisema Tairi.

— Bila kukosa, Ibara? — aliuliza Mama Birika. — Mwaka mzima na ushei yuko ndani, wewe unaandika bila kukosa?

— Dada yangu, barua ya tabia ina mtindo wake. Huwezi kuandika "tumekuwa naye mara kwa mara". Hiyo ni barua gani? Sentensi inataka kukamilika.

— Sentensi imekamilika. Mtoto ndiye hajakamilika.

— Lakini hakimu hakumwona analetwa na askari? — aliuliza Kinyozi.

— Hakimu alikuwa mgeni. Wa kwanza alihamishwa. Faili lilisema dhamana imeruhusiwa, na kweli iliruhusiwa, ila wadhamini hawakupatikana. Huyu mpya akasoma dhamana imeruhusiwa, akasoma barua yenu, akafunga hesabu. Mtoto alinyoosha mkono kizimbani aseme, akaambiwa ashushe mkono. Na daftari la rumande la mwaka ule lilinyeshewa, karatasi zimeshikana kama mkate. Kilichobaki ni barua yenu.

Alisema "wadhamini hawakupatikana" bila kumtazama mtu. Hata hivyo kila mmoja alipata kitu cha kutazama: Tairi kucha zake, Kinyozi mlango wake, Mstaafu vifungo vya shati.

— Sasa karani wa wakili anakuja saa kumi, — aliendelea. — Anataka watu wawili wasio ndugu, waape kwamba ile barua haikuwa kweli, Cheche alikuwa ndani. Mimi mama yake. Neno langu halitoshi. Wawili tu.

Saa iliyoning'inia ukutani kwa Kinyozi ilionyesha tisa na dakika ishirini. Mama Birika aliitazama, akatazama kona ya barabara, kisha akamimina kahawa kikombe kikafurika, ikamwagikia vidole vyake. Alivipangusa.

— Mimi naona tunachanganya mambo, — alisema Mstaafu, akikohoa kama mtu anayefungua kikao. — Posta kifurushi kinagongwa muhuri siku kilipopokelewa. Si siku kilipofunguliwa. Kikikaa ghalani mwaka mzima, tarehe yake ni ileile. Cheche alipokelewa lini?

— Siku aliyokamatwa.

— Basi! Tarehe yake ndiyo hiyo. Kwamba hawakumfungua, ni uzembe wa ghala. Nitamwambia hakimu hivyohivyo.

— Na muhuri uko wapi, mzee? — aliuliza Tairi.

— Umenyeshewa.

— Kwa hiyo kifurushi hakina tarehe.

— Nyamaza wewe, hujawahi kupokea hata barua.

— Nyinyi mnahesabu kidogo, — aliingilia Kinyozi. — Mtu akiwa nje, usiku si wake? Analala. Akiwa ndani je? Usiku ndiyo kazi yenyewe, unahesabu kunguni. Kwa hiyo mchana mmoja, usiku mmoja, hizo ni siku mbili. Miezi kumi na minne mara mbili ni ishirini na minane. Cheche amepitiliza! Serikali ndiyo inadaiwa miezi.

— Na ikishadaiwa, inamlipa nini? — aliuliza Tairi. — Kosa lingine bure?

— Iwe akiba. Siku akikosea tena, wanakata hapo.

— Asikosee tena, — alisema Mama Birika. — Kinyozi, swali langu ni moja tu. Utaapa?

Kinyozi alitazama mlangoni kwake. Hapakuwa na mteja.

— Siyo kwamba sitaki, Dada. Lakini nasikia kuidanganya mahakama ni kifungo. Sasa nikiapa leo kwamba barua ile ilikuwa uongo, na sahihi yangu ipo pale, ya tatu kutoka juu, nimejitia pingu mwenyewe.

Hapo ndipo palipouma, na Mama Birika alikuwa amekwisha kupajua kabla hawajafika. Aliwafahamu. Walikuwa watu wazuri hadi mlangoni pa ofisi yoyote ile.

— Hakuna haja ya kusema uongo ulikuwa uongo, — alisema Ibara, akipandisha miwani. — Kwa mujibu wa barua yenyewe, tumesema "tumekuwa naye". Hatukusema alikuwa amekaa. Moyoni tulikuwa naye. Kila siku tulimtaja. Nani atapinga?

— Na "mwenye kusaidia wazee"? — alisema Tairi. — Alimsaidia Mstaafu kupitia dirisha la rumande?

— Au tuseme tulimfananisha, — alisema Kinyozi. — Kulikuwa na kijana mwingine, mpole vilevile, tukadhani ni yeye.

— Miaka mitatu mnamdhania? — aliuliza Mama Birika.

— Alikuwa hasemi sana.

— Mimi nitakwenda kuitoa ile barua kwenye faili, — alisema Tairi. — Nina shemeji yangu anafagia pale. Barua moja tu, karatasi. Inaliwa na panya.

— Utakaa ndani wewe na shemeji yako, — alisema Mama Birika. — Na panya atatoa ushahidi. Saa ngapi sasa?

— Tisa na nusu na kitu, — alisema Kinyozi.

— Kitu gani?

— Dakika tano.

Mama Birika alijaribu kuketi, akashindwa, akasimama. Jana mtoto alikuwa amemtumia ujumbe kupitia wakili: asimletee sabuni wiki hii, huenda isihitajike. Ujumbe huo ulikuwa umemnyima raha kuliko kama angemwambia anaumwa. Mtu aliyekwisha kutoka gerezani moyoni mwake, ukimrudisha ndani, unamrudisha vipi?

Mstaafu alikuwa akizungusha kikombe kitupu.

— Tuliotia sahihi tulikuwa wangapi? — aliuliza.

— Saba, — alisema Ibara.

— Na miezi ni kumi na minne.

— Ndiyo.

— Miwili miwili.

Walimtazama.

— Nini miwili miwili, mzee?

— Kama kosa ni la barua, na barua ni yetu, twende tukamwambie hakimu: hii miezi si ya kijana, ni yetu. Tugawie. Kila mtu miezi yake miwili, tutoke, tuendelee na kahawa.

— Astaghfirullah! Umechoka mzee, — alisema Kinyozi. — Mimi nifungwe? Kibanda nimwachie nani?

— Miezi miwili tu. Watu watafuga nywele.

— Lakini subiri, — alisema Tairi, akihesabu kwa vidole vyeusi. — Saba hao, mmoja alishafariki. Yule fundi cherehani. Miezi yake miwili nani anaibeba?

— Warithi wake.

— Miezi hairithiwi! — alifoka Ibara. — Kwa mujibu wa sheria yoyote ile, kifungo kinakufa na mwenyewe.

— Basi wewe uliyeandika "bila kukosa" ubebe minne.

— Kwa nini minne? Niliandika mimi, mlisoma nyinyi!

— Nani alisoma? Mimi nilionyeshwa pa kuweka sahihi!

— Na wawili waliohama mtaa?

— Watafutwe.

— Mimi nachagua ya masika, — alisema Tairi. — Wakati wa mvua pancha huwa chache.

— Masika nimeshachukua mimi, — alisema Mstaafu. — Nina kifua, siwezi kukaa nje kwenye baridi.

— Ndani ndiko kuna baridi, mzee!

Wangeweza kufika magharibi wakigawana miezi ya mtu mwingine. Mama Birika aliweka birika chini kwa kishindo, kifuniko kikaruka.

— Inatosha. Hakuna anayewafunga. Wakili amesema, anayesahihisha mwenyewe kabla hajaulizwa, haguswi. Nilimwuliza mara mbili. Mnasikia? Mara mbili. Sasa niambieni, yupo wa kuapa au hayupo. Kama hayupo nimfuate karani njiani nimwambie asijisumbue, nikamwandalie mtoto sabuni.

Kinyozi aliinama, viwiko magotini. Tairi aliacha kuhesabu vidole. Ibara alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

— Barua niliandika mimi, — alisema mwishowe, na hakusema kwa mujibu wa nini. — Nitaapa mimi.

— Na mimi, — alisema Mstaafu.

— Ah, kama ni hivyo na mimi pia, — alisema Kinyozi. — Haiwezekani wazee waape, mimi nibaki nanyoa.

— Niandikeni, — alisema Tairi. — Kitambulisho nakifuata sasa hivi. Naenda mbio.

Na kweli alikwenda mbio, gurudumu likabingirika nyuma yake hadi mtaroni.

Mama Birika alikuwa amesimama tangu saa saba. Aliomba wawili, amepata wanne. Alikaa juu ya ndoo yake. Alimimina vikombe vitatu bila kuulizwa, akajiruhusu kufikiri jambo dogo tu: kwamba kitanda cha mtoto kilikuwa kimewekwa magunia ya mkaa, na leo jioni ingebidi kuyatoa.

Karani wa wakili alifika saa kumi kasoro kidogo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya vumbi na faili lililofungwa kwa mpira. Tairi naye akarudi wakati huohuo, anahema, kitambulisho kati ya meno.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu, kaa hapa, — alisema Kinyozi, akifuta ubao kwa kiganja.

— Asanteni, nitasimama. Mama amewaeleza?

— Ametueleza, — alisema Ibara. — Tuko wanne, tuko tayari. Barua ilizidisha. Kijana alikuwa rumande miezi kumi na minne kamili. Tunaapa.

Karani alitabasamu kwa uchovu wa mtu aliyekuwa ametembea. Alitoa fomu, akaiweka juu ya faili, akafungua kalamu.

— Vizuri sana. Nina swali moja tu kabla ya majina. Nani kati yenu alimwona?

— Alimwona nani?

— Kijana. Akiwa mahabusu. Kwa macho yake.

Kinyozi alimgeukia Mstaafu.

— Sisi sote tulijua yuko ndani, — alisema Mstaafu.

— Mlijuaje, mzee?

— Si… tulikuwa tunaambiwa. Kila Alhamisi. Tukimwuliza, vipi, hajambo? Anatuambia hajambo. Au ana kikohozi. Tulijua hadi kikohozi.

— Mlikuwa mnamwuliza nani?

Macho yao yote yalikuwa yameelekea mahali pamoja, na Mama Birika aliyapokea akiwa amekaa juu ya ndoo, birika mkononi.

Alhamisi zile alizikumbuka zote kwa pamoja, kama zilikuwa siku moja ndefu. Alikuwa akifunga jiko saa mbili asubuhi, anakwenda rumande peke yake, anarudi saa nane, anawasha tena. Nao wanamngoja benchini na swali lao, wana huruma ya kweli. Yeye anawajibu. Miezi kumi na minne alikuwa akiwajaza habari kama anavyowajazia vikombe. Leo alikuwa amewaita wamrudishie kama ushahidi.

— Mimi nilimtumia salamu, — alisema Tairi kwa sauti ndogo. — Na soksi.

— Alizipeleka nani?

— Mama.

Karani hakuandika.

— Hicho ni kiapo cha mama, si chenu, — alisema, na hakusema kwa ukali. — Kesho wakili wa upande wa pili atauliza hilohilo la kwanza. Mkimjibu hivi, ombi zima litaonekana la kupangwa.

— Twende Alhamisi hii! — alisema Kinyozi. — Sote wanne. Tutamwona kwa macho yetu.

— Alhamisi hii ni mfungwa, kaka. Hilo halina ubishi. Tunamtafuta aliyemwona kabla ya hukumu. Na ombi linasikilizwa kesho.

Ibara alikuwa ameshika karatasi ya barua yake, akiisoma midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta neno moja la kufuta. Mstaafu alisema, si kwa mtu yeyote, kwamba miguu yake ilikuwa inamsumbua mwaka ule. Mama Birika alimsikia, na hakuwa na hasira naye. Hasira ingechukua muda, na muda ulikuwa saa kumi na dakika tano.

— Binti, — alisema. — Lazima awe wa mtaa huu?

— Si lazima. Awe tu si ndugu, na awe alimwona.

— Kuna mwanamke. Mwanawe alilala chumba kimoja na wangu. Tulikuwa tunapanga foleni pamoja, tunaitwa pamoja, tunasimama kwenye wavu mmoja. Alimwona kila Alhamisi. Alikuwa anamgombeza asipokula.

Benchi zima liliinua vichwa. Karani aliishusha kalamu hadi ikagusa karatasi.

— Huyo ndiye. Anaitwa nani?

— Mimi nilikuwa namwita mwenzangu. Na yeye ananiita mwenzangu.

— Simu yake?

— Hatukupeana. Tulikuwa tunaonana tu. Wiki ile mwanawe alipoachiwa, nilimwangalia kwenye foleni sikumwona, nikafurahi.

— Anakaa wapi basi?

Mama Birika alijua kwamba mwanamke yule ana kisukari, kwamba mume wake ni mtu wa kelele, kwamba alimzaa yule mtoto baada ya kupoteza wawili, kwamba hawezi kusimamia mguu wa kushoto muda mrefu. Alijua namna anavyocheka akiziba mdomo.

— Tukirudi alikuwa anateremka kituo cha pili baada ya daraja, — alisema.

Alikuwa keshainuka. Alijifunga kanga vizuri, akachukua mfuko wa nailoni, akamsukumia Kinyozi jiko kwa mguu. Tairi naye alisimama, kisha Mstaafu, mkono kwenye bega la Ibara.

Karani alikuwa bado ameshika kalamu.

— Kituo cha pili baada ya daraja, — alisema. — Pana nyumba ngapi hapo?

Mama Birika alikuwa keshashika njia ya darajani, na wale watatu nyuma yake.